Amplifaya ya harusi iliyochoma transista mara mbili: nilichokikuta ndani

Mwenye hii amplifaya ni mzee mmoja wa Langoni hapa Lamu, kazi yake kukodisha saundi, harusi, maulidi, mikutano, popote watu wanapotaka kusikika mbali yeye yupo. Mimi namwita ami, si ami yangu wa damu lakini amenijua tangu nikiwa mtoto nafungua redio za watu halafu nashindwa kuzifunga. Siku hiyo kanipigia mapema kabla hata sijanywa chai, "Fundi, ndoo ukitazame chombo hiki, kimenitia aibu mbele ya watu." Nikamwambia ami mimi siji, chombo kije huku mezani kwangu, manake kufungulia kitu kama hicho uwanjani skrubu zikapotea mchangani hiyo si kazi. Bas akakileta kwa punda, kimefungwa gunia na kigodoro cha mtoto, kilo ishirini na kitu, transfoma peke yake kama jiwe la kusagia.

Kabla sijashika bisibisi nikamuuliza ilikuwaje, na nawaambia mafundi wenzangu hapa msiwe na haraka, mpeni mtu kiti na chai aseme. Ilianza kwenye kesha la wanawake, katikati ya ngoma upande wa kulia ukanyamaza, harufu ya kuungua ikatoka, akina mama wakaendelea na matari na makofi yao kama hakujatokea kitu (ndio raha ya harusi za huku, mashine ikikataa shughuli haisimami). Akaipeleka kwa fundi mwengine, simtaji. Yule akapima, akakuta transista tatu zimeshoti, akatoa tatu akatia tatu, mashine ikaimba. Ikapiga shughuli mbili salama. Ya tatu, mnamo saa tano usiku, pu! Fyuzi. Sasa yule kijana wa mitambo, kwa kuwa bwana harusi yuko njiani na watu wanamwangalia yeye, akaichukua ile fyuzi iliyoungua akaizungushia uzi wa waya wa shaba akairudisha akawasha. Hapo ndipo moshi ulipotoka wa kweli.

Nikamuuliza ami, spika ngapi mnafunga? "Mbili huku, mbili huku." Nikaandika mbili mbili kwenye kikaratasi.

Kufungua kifuniko, transista hata sijaziona, nimeona vumbi kwanza. Feni imevaa koti la nyuzi na vumbi, ukiizungusha kwa kidole inakwenda robo duara inasimama. Skrubu zina kutu, miguu ya vifaa vingi imeota kijani kile cha shaba iliyoonja chumvi. Si ajabu, sisi hapa tunaishi ndani ya bahari, chombo kinakaa stoo yenye dirisha la forodhani, usiku unyevu unaingia, mchana jua linaukausha, chumvi inabaki. Vifaa vya Nairobi vikifika hapa vinazeeka mara mbili.

Ni klasi AB ya kawaida tu, yaani nusu ya transista zinasukuma sauti upande wa chanya na nusu upande wa hasi, zinapokezana. Kila upande una transista nane za mwisho, zile zinazosukuma spika, nne 2SC5200 ambazo ni NPN na nne 2SA1943 ambazo ni PNP, zile kubwa nyeusi za plastiki zenye miguu mitatu (besi, kolekta na emita), asili yake Toshiba, datashiti yake, karatasi ya vipimo ya kiwandani, inasema volti 230, amperi 15, wati 150. Kila moja na rezista yake ya emita, omu 0.22, wati 5, zile nyeupe za saruji. Nyuma yake draiva mbili, transista za kuzisukuma hizo kubwa, 2SC4793 na 2SA1837. Katikati kuna transista moja ndogo ya bayasi imefungwa juu ya hitisinki, lile bamba la kupozea, ili ihisi joto, mashine ikipata moto ipunguze mkondo wa kupumzikia, ule unaopita hata bila sauti, ndio bayasi yenyewe. Na pembeni ya hiyo kuna priseti, kile kivolyumu kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi. Umeme wa ndani volti 72 chanya na 72 hasi, yaani ukishika ncha mbili za mwisho ni 144 za DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Hizo hazikupigi kofi ukaruka, zinakushika. Kwa hivo kitu cha kwanza ni kumaliza chaji ya kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme hata ukizima, mimi natumia rezista ya omu 100 ya wati 10 yenye waya mbili na klipu, sekunde kumi kila upande, halafu mita ithibitishe. Wale wanaogongesha bisibisi cheche zikaruka, endeleeni, ila ncha ya bisibisi itawaisha na siku moja njia ya bodi itapasuka.

Upande wa kulia ulikuwa makaburi. Transista tano zimeshoti kolekta na emita, mita inalia tiii kotekote. Moja imekata kabisa. Mbili zinasoma vizuri, besi na emita 0.5 na kitu kwenye kipimo cha dayodi, kama hakuna lililotokea. Draiva ya NPN imeshoti. Rezista mbili za besi za omu 4.7 nyeusi kama mkaa. Na za saruji tatu zimekata ilhali kwa macho ni nzuri kabisa, nyeupe pe, hazina hata alama. Hizi ndizo zinazowapitia wengi. Mita zetu hizi za mkononi haziwezi kupima 0.22, waya za mita zenyewe tu zina omu 0.3 au zaidi, kwa hivo ukiweka mita utaona tu imekata au haijakata. Ukitaka uhakika pitisha amperi 1 kutoka kwa pawa saplai halafu pima volti juu ya rezista, ukipata volti 0.22 iko sawa.

Upande wa kushoto wote mzima. Na huo mzima ndio ramani yako, hasa kama huna mchoro wa saketi, na mimi sikuwa nao. Napima pointi huku, napima pointi ileile kule, panapotofautiana nasimama. Lakini kushoto kulinipa kitu kingine pia ambacho sikukielewa mpaka baadaye sana, na hapo ndipo kosa langu lilipo, nitafika.

Nikazitazama zile tatu alizotia fundi wa kwanza, zilikuwa zinajulikana, maandishi yake meupe pe na yanang'aa kuliko ya wenzake. Nikachukua moja iliyokufa nikaibana kwa jiliwa nikaipasua. Ndani kile kipande cha silikoni kidogo kama punje ya mchele. Nikapasua moja ya zamani iliyokufa, kipande chake kikubwa kama ukucha wa kidole cha mwisho. Yaani mtu kachukua transista ya wati chache akaivalisha kanzu ya wati 150. Alizinunua, ami alikuja kuniambia, shilingi 120 moja. Mimi za kwangu huwa naagiza kwa mtu ninayemwamini Mombasa, zinakuja na basi mpaka Mokowe halafu na boti, na hazipungui 500 moja, na hata hizo nazipima kabla ya kutia.

Kuzipima bila kuzipasua kuna njia. Kama mita yako inapima kapasita, weka kati ya besi na kolekta, linganisha na moja unayoijua ni halali. Datashiti inasema 2SC5200 ni pikofaradi 200 hivi na 2SA1943 ni 360 hivi, hizo zikiwa zimewekewa volti 10 kinyume, mita yako haiweki volti hizo kwa hivo itasoma juu zaidi, wewe tazama ulinganifu tu: bandia yenye silikoni ndogo itasoma chini sana ya halali. Sio kipimo cha mahakamani lakini kimenisaidia zaidi ya mara moja. Pia tazama herufi ya mwisho, R au O. R gaini yake, yaani inakuza mkondo mara ngapi, ni 55 mpaka 110, O ni 80 mpaka 160. Usichanganye R na O upande mmoja, manake zinafanya kazi pamoja, ile yenye gaini kubwa itabeba mzigo wa wenzake mpaka ichoke, ikifa inaangusha wote.

Nilitoa zote nane, pamoja na zile mbili nzima. Ami akaniuliza, "Hizi si nzima? Mbona wazitoa?" Nikamwambia ami, hizi zimekuwa kwenye moto pamoja na wenzao, leo zinasoma sawa kesho zikipewa amperi tano sijui. Na kweli sikutaka kuchanganya za zamani na mpya. Draiva zote mbili pia, hata ile ya PNP iliyosoma sawa.

Siku hiyo ya pili, niko na pampu ya kunyonya lehemu mkononi, akaja yule kijana wa mitambo kutazama. Tukaongea mpira, tukaongea harusi ya Shela iliyokuwa inakuja, halafu nikamuuliza kama mchezo, hivi mnafunga spika ngapi vile? "Nne nne, kaka. Ami anasema mbili lakini tukiweka mbili watu wa nyuma hawasikii." Subhanallah. Spika za omu 8, nne kwa pamoja, hiyo ni omu 2. Na nyuma ya mashine imeandikwa omu 4 mwisho, japo maandishi yenyewe yamefutika nusu.

Nikamfanyia hesabu kwenye boksi la lehemu. Amplifaya ya klasi AB joto lake baya kabisa upande mmoja unachukua volti ya reli, yaani zile 72, kwa kipeo cha pili, zidisha mara mbili, gawanya kwa pai kipeo cha pili, gawanya kwa omu za spika. Volti 72 na omu 8 unapata kama wati 131. Omu 4, 263. Omu 2, 525. Gawanya kwa transista nane, kila moja inameza karibu wati 66 za joto. Kijana akasema si ziko 150? Nikamwambia hizo 150 ni pale ambapo mgongo wa transista uko nyuzi 25, yaani umeifunga kwenye barafu. Mgongo ukifika nyuzi 75 inabaki 90, na hitisinki hii bila feni usiku wa harusi inapita 75 kwa raha zake. Na hesabu hiyo yote ni ya mzigo mwepesi kama rezista, spika yenyewe ina koili, inarudisha umeme wakati mbaya, kwa hivo transista inaona zaidi ya hapo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini kushoto nako tulifunga nne na hakujafa."

Nilimsikia. Nikamjibu kushoto kuna bahati. Hilo ndilo jibu nililompa, mimi mtu wa miaka ishirini kwenye kazi. Kijana alinipa mkononi kitu chenyewe nami nikakiweka kando kwa kuwa nilishakuwa na majibu yangu mawili mazuri: transista bandia na omu 2. Tena na feni. Kesi imekwisha, nikajiambia.

Nikafunga. Kufunga kwenyewe sitakurefusha sana, ila mambo mawili matatu. Krimu ya zamani ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama unga wa chokaa, nikaikwangua yote kwa kadi ya simu ya zamani na spiriti, hitisinki ikang'aa. Mika mpya kila transista, kile kipande chembamba kinachozuia umeme na kupitisha joto, krimu nyembamba pande zote mbili, nyembamba yaani, watu wanapaka kama siagi kwenye mkate halafu wanashangaa joto halipiti. Skrubu ikibana mpaka mwisho usilazimishe, plastiki inapasuka. Halafu kabla ya kulehemu mguu hata mmoja, mita kati ya kolekta na hitisinki, zote nane, isome hakuna kitu kabisa. Moja ilisoma. Kulikuwa na chembe ya chuma chini ya mika, sijui imetoka wapi, ingenipa moto mpya dakika ya kwanza. Stima ikapotea katikati ya kulehemu, nikakaa saa nzima nje kwenye baraza, ikarudi nikamaliza.

Kuwasha. Mimi siwashi mashine ya namna hii bila taa ya sirizi, balbu ya zamani ya uzi ya wati 100 imefungwa mfululizo na waya wa moto wa stima. Sio LED, LED haifai hapa, na hizi za uzi siku hizi ni kama kutafuta kasa barabarani, ninazo tatu nimezificha. Mantiki yake ni kuwa mashine ikiwa na shoti balbu inawaka yote na kumeza umeme, transista hazifi. Mashine ikiwa nzima balbu inawaka kidogo kapasita zinapojaa halafu inafifia. Ikafifia. Nikapima tokeo la spika, bila spika, DC ilikuwa milivolti 18, chini ya 50 mimi naridhika. Nikaweka mita juu ya rezista ya emita nikazungusha priseti taratibu mpaka 5.5, milivolti hizo, kwa 0.22 ni miliamperi 25 kila transista. Nikazunguka zote nane, ya chini 4.9 ya juu 6.1, zinabeba kwa usawa. Nikaiacha nusu saa ipate joto, nikarekebisha kidogo, nikazima nikaenda kuswali na kulala nikijua kesho namwita ami.

Ilikuwa Mei, mvua za masika, usiku ule kulinyesha na asubuhi kila kitu kilikuwa na jasho, hata meza. Nikaja, nikawasha. Taa ya sirizi ilikuwa bado ipo, si kwa akili, ni kwa uvivu, sikuwa nimeitoa. Balbu ikawaka yote, nyeupe, na ikabaki hivohivo.

Nikazima mbio. Moyo ulikuwa unadunda, nikajua nimepoteza transista nane za 500. Nikapima zote. Nzima! Nikawasha tena, balbu ikafifia kama jana. Nikakaa nikaitazama. Mita iko juu ya rezista ya emita, inasoma 5.4, sawa kabisa. Nikagonga meza kwa kiganja, mita ikaruka juu ya 60, balbu ikawaka, ikazima. Sasa hapo ndipo maneno ya yule kijana yaliporudi. Kushoto nako tulifunga nne na hakujafa. Mara ya kwanza kabisa mashine ilipokufa haikuwa na transista bandia, zilikuwa za kiwandani pande zote. Spika nne pande zote. Feni ni moja, inapoza pande zote. Kila nilichokilaumu kilikuwa kulia na kushoto sawasawa, na bado kilichokufa ni kulia, mara mbili. Kwa hivo kuna kitu kulia tu.

Nikachukua kijiti cha mshikaki nikaanza kugusagusa bodi, kifaa kimoja kimoja. Draiva, kimya. Kapasita, kimya. Transista ya bayasi, kimya, na skrubu yake imebana. Priseti, nikaigusa tu, balbu ikawaka.

Nikaing'oa nikaitazama kwa lenzi. Zile priseti za wazi, kinjia cheusi cha kaboni na ulimi wa bati juu yake, ulimi wenyewe umeota kijani na kinjia kina doa. Kile kijani kilichokuwa kwenye kila mguu wa kila kifaa, nilichokitazama siku ya kwanza nikasema sisi tunaishi ndani ya bahari.

Sasa kwa nini priseti ndogo hivi iue transista kubwa hivo. Ile transista ya bayasi inashikilia volti kati ya besi za juu na besi za chini, hapa kama 2.4, za kutosha kuziamsha draiva na transista za mwisho bila kuzifungua sana. Inajuaje ni ngapi? Inagawiwa na rezista mbili, moja kutoka kolekta kwenda besi, nyingine kutoka besi kwenda emita. Waliotengeneza mashine hii walifanya ubahili, wakaweka priseti moja badala ya zote mbili, ulimi ndio unaokwenda kwenye besi. Ulimi ukiachia hata kwa mpepeso wa jicho, besi inabaki hewani, transista ya bayasi inajizima, zile volti 2.4 zinapanda juu, na transista za mwisho, NPN na PNP, zinafunguka zote kwa wakati mmoja. Njia imekuwa wazi kutoka 72 chanya mpaka 72 hasi, katikati kuna viomu 0.22 tu. Spika hata haihusiki. Ndio manake inakufa saa tano usiku, sauti nzito za ngoma zinatikisa sakafu na umande umeshaanza kushuka. Omu 2 na feni mbovu zilikuwa zinaichosha, sikatai, na zile bandia zisingefika mbali hata kwenye mashine nzima, lakini aliyekuwa anaua ni huyu.

Mchana ule nilimpigia kijana nikamwambia ulisema kweli, mimi ndiye sikusikia. Akacheka tu.

Kutia priseti mpya ya aina ileile ilikuwa ni kungoja msimu mwengine. Nikabadilisha mpangilio wenyewe. Kutoka kolekta kwenda besi rezista ya kudumu ya kiloomu 2.2. Kutoka besi kwenda emita rezista ya omu 560 ikifuatana na priseti ya omu 500 ya kufungwa, ile ya mizunguko mingi iliyozibwa, chumvi haiingii. Hapo uzuri wake ni kwamba priseti iko upande wa emita: siku ulimi ukiachia, besi bado inapata umeme kupitia ile 2.2, transista ya bayasi inafunguka zaidi, volti zinashuka, mashine inapumzika kwa baridi. Sauti itakwaruza kidogo ukiwa chini, basi. Ukikuta mashine priseti yake iko kati ya kolekta na besi, au ulimi unakwenda besi peke yake, jua umekuta bomu. Thamani zangu ni za mashine hii lakini, yenye draiva na transista za mwisho, mwengine apige hesabu zake. Na wakati wa kuwasha mara ya kwanza priseti izungushwe mpaka omu zake ziwe nyingi kabisa, ndipo bayasi inakuwa chini.

Kushoto pia nikabadilisha. Ulimi wa kushoto ulikuwa umeanza kijani pembeni.

Bodi nzima nikaiosha kwa spiriti na mswaki, nikaikausha juani, nikapaka vanishi ya saketi upande wa chini. Feni mpya. Fyuzi ya 10, na nikatia tatu za akiba kwenye kimfuko nikakibandika kwa ndani ili yule kijana asije akatafuta waya wa shaba tena.

Kipimo cha mwisho kiliniletea watazamaji. Huwezi kupima mashine ya wati 300 kwa spika ndani ya mtaa wa Lamu, nyumba zimebanana ukikohoa jirani anasema pole. Nina elementi nne za birika la umeme za wati 2000, kila moja kwa 240 ni omu 28.8, nikizifunga nne pamoja napata 7.2, nazizamisha ndani ya ndoo ya maji. Nikacheza toni ya hezi 100 kutoka kwa simu, hezi 100 kwa sababu mita zetu hizi AC, umeme wa kwenda na kurudi, ikiwa ya hezi nyingi inazidanganya, nikapandisha mpaka volti 30, hiyo ni wati 125 zinazoingia majini. Upande wa kulia saa moja, wa kushoto saa moja. Hitisinki ya moto lakini mkono unakaa, mita ya bayasi ikapanda mpaka 7 halafu ikateremka 6 ikatulia. Maji ya ndoo yakawa ya moto vya kutosha, watoto wakaniuliza, fundi anatengeneza chai ya ngoma? Nikagonga meza, nikagonga bodi, nikaiacha usiku kucha dirisha wazi kusudi, mvua ikanyesha tena, asubuhi balbu ikafifia kama inavyotakiwa. Nikarudia asubuhi tatu ndipo nikaitoa taa ya sirizi.

Ami alipokuja kulipa akasoma kikaratasi, transista nane, draiva mbili, mika, rezista, feni, priseti mbili, kazi. Kidole chake kikasimama kwenye priseti. "Hizi hamsini hamsini?" Ndio ami, tena hizo ni za kufungwa, ile iliyokufa ilikuwa rahisi zaidi. "Na ndiyo iliyonila harusi mbili?" Nikampa ile ya zamani mkononi. Akaigeuzageuza, akaitia mfuko wa kanzu, sijui anakwenda kumwonyesha nani.

Nyuma ya mashine nimeandika kwa rangi nyeupe OMU 4 MWISHO, SPIKA 2 KILA UPANDE, herufi za kusomeka usiku. Wiki ya pili kijana kanipigia kutoka Matondoni wako kwenye shughuli, nikajua ndio hiyo tena, nikapokea huku natafuta viatu. "Kaka, hii feni mpya inapiga kelele sana, ndivo ilivo?" Nikamwambia ndivo ilivo, hiyo ya zamani ilikuwa haizunguki. Nikamuuliza spika ngapi. Akakawia kidogo kujibu, kwa nyuma nasikia matari, halafu akasema mbili.